Kinu cha maji: kisage tena au kiwe mgahawa?

Kwenye kijiji kimoja juu ya Moshi kuna kinu cha maji kilichosimama miaka mingi. Gurudumu limeoza. Mawe mawili yamebaki chini ya mabati, mikato yake, ile mifereji ya kusagia, imezibwa na unga uliogandamana. Wengi wa ukoo wenye kinu wanataka pawe mgahawa wa watalii wanaokwenda kwenye maporomoko. Wachache wanataka kisage tena, na wanachekwa.

Wanaotaka mgahawa wana hoja ya pesa, na sheria haiwabani: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na kinu hiki ni kitoto kwa mwaka huo.

Kicheko chenyewe kinahusu udogo wa nguvu ya kinu. Haya, tupige hesabu. Mfongo, yaani mfereji wa maji wa Wachaga, ukileta lita 40 kwa sekunde na maji yakaanguka mita 6, ni kilowati 2.3 hivi. Gurudumu la mbao likipoteza nusu, jiwe linabaki na kilowati 1 na ushee. Mota ya nguvu za farasi 20 ya mashine ya kusaga ya umeme ni kama kilowati 15, zaidi ya mara kumi. Kwa makadirio yangu, kinu kitasaga debe moja kwa saa, na siku ya mfongo mdogo hata hilo halifiki.

Lakini nani kasema kishindane na mashine za sembe? Mpika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, anahitaji debe moja tu la kimea cha ulezi, unga wa chengachenga kwa ajili ya uji wa kuchanganya na ndizi. Mwezi uliopita nilimkuta mama mmoja mashineni toka asubuhi. Mwendeshaji alimwambia asubiri wa mahindi waishe, maana ulezi unamlazimu kubadili chekeche. Saa nane bado alikuwa amekalia gunia lake. Kwa mteja huyo, debe kwa saa si kichekesho hata kidogo.

Hofu ya ugomvi wa maji naielewa, hasa Januari na Februari zamu za mfongo zinapobana. Ila kinu hakinywi maji. Yakishapita gurudumuni yanaendelea kwenye migomba ya chini.

Kinachonitia wasiwasi ni mawe. Lazima yachongwe upya, mkato kwa mkato, na mzee anayejua kazi hiyo sasa anayapapasa kwa vidole kwa sababu macho yamekwisha. Meza za kahawa zinaweza kuja hata mwakani.