Kanisa la mivule pale Rau

Kila ninapoingia msitu wa Rau, hapa Moshi, nanyamaza bila kuambiwa. Mivule imepanda wima, mirefu, na majani yanakutana huko juu kabisa. Mwanga unashuka vipande vipande. Mara ya kwanza nilijikuta nimevua kofia, kama nifanyavyo mlangoni mwa kanisa.

Kule Almere, Uholanzi, msanii Marinus Boezem alipanda mipopla 178, miti mirefu myembamba ya Ulaya, mwaka 1987 kwa kufuata ramani ya kanisa kuu la Reims la Ufaransa. Palipo na nguzo Reims, yeye ameweka mti. Mipopla haiishi sana, naye alilijua hilo. Jirani na hapo, katikati ya miti mingine, aliacha uwazi wenye umbo lile lile, ili mipopla ikianguka kanisa liendelee kuonekana kwa pale pasipo na mti. Italia nako, mwaka 2001, Giuliano Mauri alisuka nguzo za matawi kuzunguka miche michanga. Matawi yaoze, miti ibaki imesimama.

Sanaa ya namna hiyo huwezi kuing'oa ukaipeleka kwenye maonyesho. Imeota hapo. Ndiyo ninayoitamani Moshi, kuliko sanamu nyingine ya saruji kwenye kipilefti.

Tuchukue kipande kilichokwisha kufyekwa pembeni mwa Rau, msitu usikatwe hata mti mmoja. Tupime ramani ya mojawapo ya makanisa kongwe ya mlimani, mathalani Kilema. Penye nguzo, mvule. Penye ukuta, masale. Mchagga hahitaji kuelezwa masale ni nini: ndiyo yanayotenga kihamba, yaani shamba la ukoo, na kihamba, na ndilo jani unaloshika unapokwenda kumwomba mtu msamaha.

Msamaha tunauhitaji. Kwenye kanisa nililokulia palikuwa na mringaringa mkubwa uani. Watoto tulifundishwa katekisimu chini yake, bibi zetu walingojea ibada pale, na maua yake meupe yakidondoka yalijaa hadi kizingitini. Ukakatwa kwa ajili ya maegesho ya magari. Nilisimama nikiangalia, sikusema neno, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mvule una shida yake. Miche ikipandwa peke yake juani, kuna kadudu kanakoingia kwenye machipukizi, yanavimba vinundu na kunyauka. Unataka kivuli na majirani wa aina nyingine. Kwa hiyo kanisa hili litaanza kama kichaka, na kwa miaka mingi mpita njia hataona nguzo wala ukumbi. Nguzo za kukumbatiwa na watu wawili wataziona wajukuu.

Nimeotesha miche kumi na mmoja kwenye viriba, nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Tisa imeshafika magotini.