Sarafu ya soko lisilo na mwenyewe: faida inamfikia nani?

Januari 2021 kampuni ya OB1 ilitangaza kwamba haiwezi tena kuendelea kulihudumia soko la mtandaoni la OpenBazaar. Lilikuwa soko la aina yake. Hapakuwa na ada ya kufungua duka, hapakuwa na kamisheni kwa kila mauzo, wala mkuu wa soko wa kukufungia banda lako asubuhi moja bila kukueleza sababu. Muuzaji alishusha programu kwenye kompyuta yake, akapanga bidhaa, na mnunuzi akamfikia moja kwa moja na kumlipa kwa Bitcoin, sarafu ya kidijitali. Lilifunguliwa rasmi Aprili 2016. Haikutimia miaka mitano, kampuni iliyolijenga ikawa imeishiwa.

Naanza na kifo hicho kwa sababu kinagusa swali ambalo wanaotaka kununua sarafu za kidijitali za masoko ya namna hii hulipita mbio. Wao huuliza: soko hili litafanikiwa? Ni swali zuri, lakini ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni hii: likifanikiwa, mwenye sarafu atapata nini, na kitamfikia kwa njia gani? OpenBazaar halikuwahi kuwa na sarafu yake. Miradi ya Particl na Origin, iliyokuja baadaye kidogo na ndoto inayofanana, ilikuwa nazo. Ukiiweka mitatu hii pamoja, unaona jambo ambalo matangazo hayalisemi: anachokitaka mwekezaji wa sarafu na anachokitaka muuzaji wa sokoni mara nyingi havielekei upande mmoja.

Lakini kwanza niwatendee haki wanaoamini, maana hoja yao si ya kubezwa. Muuzaji wa mtandaoni ni mpangaji, na mpangaji hana usemi. Aprili 2022 soko la mtandaoni la Etsy lilipandisha kamisheni yake kutoka asilimia 5 hadi 6.5. Maelfu ya wauzaji wakafunga maduka yao kwa wiki nzima kupinga. Wiki ikaisha, kamisheni ikabaki palepale. Kwetu tunakumbuka Novemba 2019, Jumia iliposimamisha biashara yake ya mtandaoni Tanzania. Muuzaji aliyejenga jina humo kwa nyota za wateja, mmoja baada ya mwingine, hakuwa na pa kuzihamishia nyota hizo. Tena kuna shida ya malipo yenyewe: kwa miaka mingi Mtanzania mwenye akaunti ya PayPal aliweza kulipa ng'ambo lakini hakuweza kulipwa. Mchongaji wa Mwenge mwenye mteja Ujerumani alilazimika kupitia kwa ndugu, rafiki au dalali, na kila mkono unaopita hapo unakata chake.

Soko lisilo na mwenyewe linajibu matatizo hayo yote kwa pamoja. Sifa ya muuzaji inakaa naye badala ya kukaa kwenye kompyuta za kampuni, malipo yanavuka mpaka bila kuomba ruhusa ya benki, na hakuna anayeweza kuamka na kupandisha kamisheni. Mimi naona hili ni wazo jema, na sitaki chochote nitakachosema baadaye kisomeke kana kwamba nalidharau.

Wazo lilianzia Toronto, Aprili 2014. Kikundi cha mwandishi wa programu Amir Taaki kilishinda zawadi ya dola 20,000 kwenye mashindano ya waandishi wa programu kwa mfano wa soko kililoliita DarkMarket, miezi michache tu baada ya polisi wa Marekani kulifunga Silk Road, soko la siri la mtandaoni la dawa za kulevya. Taaki hakuendelea nalo. Mwandishi mwingine wa programu, Brian Hoffman, akauchukua msimbo wake, akabadilisha jina kuwa OpenBazaar, na mwaka 2015 wawekezaji wakiwemo Union Square Ventures na Andreessen Horowitz wakatoa dola milioni 1.

Ufundi wake ulikuwa mzuri. Malipo yaliweza kuwekwa amana penye kufuli tatu, ufunguo mmoja kwa mnunuzi, mmoja kwa muuzaji, mmoja kwa msuluhishi waliyemchagua wenyewe. Funguo mbili zilitosha kufungua, kwa hiyo mambo yakienda sawa msuluhishi hakuhitajika kabisa. Udhaifu nao ulikuwepo: katika toleo la kwanza, ukizima kompyuta duka lako linatoweka, mpaka toleo la pili la mwaka 2017 lilipowezesha kompyuta za wengine kukuhifadhia. Kisha kuna siku za Desemba 2017 ambapo wastani wa ada ya muamala mmoja wa Bitcoin ulizidi dola 50. Nani atanunua fulana ya dola 15 kwa nauli ya dola 50?

Hata hivyo, mimi sidhani ada ndiyo iliyoliua. OB1 ilijenga soko ambalo halikati kitu, ikitumaini kujipatia riziki kwa kuuza huduma za pembeni. Muuzaji alipata kila alichokitaka, na aliyelipia ujenzi hakuwa na mlango wa kupokelea chochote. Hapo ndipo sarafu inapoingia kama dawa: kila soko liwe na sarafu yake, waanzilishi na wawekezaji wawe nayo, soko likikua sarafu ipande, na wote wapone.

Je, inapanda kweli? Tupige hesabu, maana sehemu hii ndiyo inayoamua, na haihitaji elimu ya juu.

Tuchukue soko la kufikirika linalouza bidhaa za dola milioni 1 kwa mwezi, na malipo yote ni kwa sarafu yake. Mnunuzi ana dola. Anazibadilisha kuwa sarafu, analipa. Muuzaji anapokea na papo hapo anarudi kwenye dola, kwa sababu mwenye fremu na mwenye gari la mizigo hawapokei sarafu hiyo. Tuseme sarafu imekaa mikononi mwao saa moja. Mwezi una saa 720. Gawanya milioni moja kwa 720, unapata kama dola 1,389. Hizo tu ndizo sarafu zinazohitajika kuwa mikononi mwa watu kwa wakati mmoja ili mauzo ya dola milioni yapite. Soko limefanikiwa, wafanyabiashara wanashukuru, na sarafu haina sababu ya kupanda. Ni kama maji ya bomba: yanapita mengi, lakini bomba lenyewe haliwi bwawa.

Sasa tuangalie Particl, iliyoanza mwaka 2017. Wao walitafakari tatizo hili kwa namna ninayoiheshimu. Hawana msuluhishi. Mnunuzi anaweka bei pamoja na dhamana, muuzaji naye anaweka dhamana, na hakuna kinachotoka mpaka wote wawili wakubali kwamba biashara imeisha salama. Ukimdhulumu mwenzako, na wewe unapoteza. Tuseme dhamana ni sawa na bei. Bidhaa ya dola 100 inafunga dola 300 za sarafu, 200 za mnunuzi na 100 za muuzaji. Mzigo ukichukua siku kumi kufika, yaani theluthi ya mwezi, basi soko lilelile la dola milioni 1 kwa mwezi linahitaji sarafu za dola milioni 1 zilizofungwa muda wote. Kutoka dola 1,389 hadi milioni. Mauzo hayajaongezeka hata senti, lakini mahitaji ya sarafu yamekuwa makubwa mara 720, kwa sababu safari hii sarafu haipiti, inakaa.

Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa kununua, na nasikitika kuona haisemwi, huku watu wakipigiana debe la "mapinduzi" na "mamilionea wajao". Mtu akinijia na sarafu ya soko, namuuliza inakaa wapi. Akinionyesha mahali inapokaa kwa sababu biashara inailazimu kukaa, namsikiliza.

Sasa geuza upande wa pili. Anayefunga dola 100 kati ya hizo 300 ni nani? Ni muuzaji wa viatu mwenye mtaji mdogo. Akituma vifurushi kumi vya shilingi 100,000, anafunga shilingi milioni moja ya kwake mwenyewe kwa siku kumi, fedha ambayo ingekuwa inamletea mzigo mwingine. Na imefungwa katika sarafu inayoyumba. Ikishuka asilimia 20 njiani, amepoteza shilingi 200,000 kwenye bei na 200,000 nyingine kwenye dhamana, kabla hata hajajua kama mteja ameridhika. Ukitokea ugomvi, mwenye uwezo wa kusubiri ndiye mwenye nguvu: tajiri anaweza kuacha dhamana ilale miezi, mnyonge atakubali chochote ili aipate. Kile kinachoipa sarafu thamani kinamwelemea yule yule ambaye soko lilijengwa kwa ajili yake. Wakati huohuo Instagram haimtozi dhamana yoyote, na mteja wake anatuma fedha kwa simu.

Wapo watakaosema sarafu inakaa pia kwa wanaoifungia ili wapate riba, na Particl inayo njia hiyo. Niseme wazi kuhusu riba hii kwa sababu imewapotosha wengi: haitoki kwenye mauzo ya soko bali, kwa sehemu kubwa, kwenye sarafu mpya zinazotengenezwa. Anayefungia anajikinga asipunguziwe fungu lake, na asiyefungia anapunguziwa. Hiyo si faida ya biashara.

Origin ilichukua njia nyingine. Ilianzishwa mwaka 2017 na Josh Fraser na Matthew Liu, kwa ahadi ya kuwaondoa madalali kwenye kukodisha nyumba na huduma za namna hiyo. Sarafu yake, OGN, ikaanza kuuzwa Januari 2020 kwenye Binance, soko la kubadilishia sarafu za kidijitali. Septemba mwaka huohuo wakazindua OUSD, sarafu inayofuata thamani ya dola na kuleta riba. Novemba wadukuzi wakaiba takriban dola milioni 7. Mapema 2021 upepo wa NFT, yaani hati za kidijitali za umiliki, ukavuma, na mnada wa mwanamuziki 3LAU kwenye teknolojia yao ukakusanya zaidi ya dola milioni 11. Aprili 2021 OGN ikazidi dola 3. Mwisho wa mwaka 2022 ilikuwa chini ya senti 20.

Siwalaumu waanzilishi kwa kubadili mwelekeo. Mfanyabiashara akiona mteja hayupo huhamisha meza. Ninachotaka msomaji akione ni wakati bei ilipopaa: ilipaa soko la kukodishana nyumba lilipokuwa limewekwa kando. Aliyenunua OGN mwaka 2020 kwa sababu aliamini biashara bila dalali huenda alipata faida nzuri mwaka mmoja baadaye, lakini si kwa sababu aliyoiamini. Na aliyepata kwa sababu isiyo yake hana namna ya kujua lini auze.

Kuhusu sheria sitakaa sana, ila hesabu moja haikwepeki. Kenya ilianza mwaka 2023 kutoza asilimia 3 ya thamani ya kila uhamisho wa mali za kidijitali, ikaja kuiondoa mwaka 2025 na kuweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma. Tanzania, ambako Benki Kuu ilikataza sarafu hizi kwa tangazo la Novemba 2019, iliweka makato yake ya asilimia 3 mwaka 2024. Chini ya kodi ya namna hiyo, mnunuzi anayelipa kwa sarafu ni uhamisho mmoja, muuzaji anayerudi kwenye shilingi ni wa pili. Ikikatwa kote, ni asilimia 6, karibu sawa na ile kamisheni ya Etsy tuliyokuwa tunaikimbia. Sarafu zenye kuficha miamala, na Particl ni mojawapo, zina shida ya ziada: soko la kubadilishia sarafu la Bittrex liliziondoa Monero, Zcash na Dash, sarafu za aina hiyo, Januari 2021, na kanuni za Dubai za Februari 2023 zilipiga marufuku sarafu za aina hiyo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayechukua mzigo Dubai asitegemee kuitumia huko.

Msimamo wangu, basi. Kati ya miundo hii, wa dhamana pekee ndio unaonipa sababu ya kushika sarafu kwa muda mrefu, na hata huo sijauwekea fedha ya ada za watoto wala mtaji wa duka. Kabla ya kununua hata sarafu moja ningejisajili kama muuzaji. Niweke bidhaa halisi, nione kama kuna anayeuliza bei, nihesabu wauzaji waliopo leo na walio bado hapo baada ya miezi mitatu. Ningeangalia pia ukwasi: nikitaka kuuza sarafu za dola 500 mchana huu, bei itaporomoka kiasi gani kwa ajili yangu peke yangu? Kwenye sarafu ndogo jibu huwa linatisha.

Na kuna kitu kimoja kingenibadilisha. Soko ambalo wauzaji wadogo wanakubali kufunga dhamana kwa hiari, kwa sababu limewaletea wateja wasiowapata kwingine, lingekuwa limeziba ule ufa kati ya muuzaji na mwekezaji. Sarafu zilizofungwa kwenye dhamana zikiongezeka mwezi baada ya mwezi huku bei ikiwa imelala, nitanunua, na nitanunua kabla sijamwambia mtu.