Texas: nyoka wa usiku na sheria ya kando ya barabara

Magharibi ya Texas, Marekani, katika jangwa la Chihuahua, yupo nyoka asiye na sumu ambaye watu hufunga safari ndefu ili wamwone tu: Lampropeltis alterna, mwenye mikanda ya kijivu, nyeusi na rangi ya chungwa. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1901, na kwa miongo mingi alidhaniwa kuwa adimu. Kumbe alikuwa amejificha ndani ya nyufa za miamba, hutoka hasa usiku. Barabara zilipochongwa kupita vilimani, kuta za mawe zikamweka mbele ya mwenye tochi.

Ndiyo maana ubishi juu yake, kama watu waruhusiwe kumkamata au la, ni ubishi wa barabara. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni ya watu binafsi, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Big Bend huchukui mnyama bila kibali cha utafiti. Mtafuta nyoka wa kawaida hubakiwa na kando ya lami. Mwaka 2007 sheria ya jimbo ilifunga hata hapo, kwa hoja ya usalama. Hoja hiyo siibezi hata kidogo: gari lasimama ghafla gizani, mtu anaruka nje, lori liko nyuma yake. Mwaka 2011 wakalegeza: leseni ya uwindaji, stempu ya kibali ya dola 10, vazi la kuakisi mwanga kifuani na mgongoni, ukae pembeni mwa barabara, usimulike kutoka garini, usitege mtego.

Wanaopinga ruhusa hii husema kila nyoka anayeingia mfukoni ni mmoja asiyezaa tena pale. Ni kweli. Lakini nyoka huyu huzaa vizuri akifugwa, kwa hiyo anayetaka wa kufuga hana haja ya wa porini. Tena mengi tunayojua kuhusu makazi yake yaliletwa na hao hao wenye tochi. Kuwafungia kabisa kulikuwa kosa.

Kinachoniuma ni mtaimbo. Yupo asiyengoja usiku. Huja mchana na kubandua mwamba vipande vipande. Nyoka mmoja akichukuliwa, mwingine aweza kuhamia pale. Ufa uliovunjwa haurudi, na mjusi, nge na popo waliojisitiri humo hupoteza makao siku hiyo hiyo. Ningekuwa mimi mtunga sheria, adhabu ya kubandua mwamba ingekuwa nzito mara nyingi kuliko ya kukosa stempu.