Toeni taili za zamani, msizifunike

Fundi wa kwanza niliyemwita aangalie choo cha nyumba yetu, hapa Mji wa Kale, alichungulia mlangoni tu. "Hizi tunabandika mpya juu yake, dada. Siku mbili kazi imekwisha." Bei yake ilikuwa nafuu. Nilimshukuru, nikamwambia sitaki.

Wengi mjini wamefanya hivyo na sababu zao nazielewa. Kubandua taili ni vumbi na makelele siku nzima, na kifusi chote hubebwa kwa ndoo mpaka barabarani, maana mkokoteni haupiti kichochoroni. Lakini kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu vitundu. Hunyonya maji kutoka ardhini, na maji yakipanda hupanda na chumvi. Ukuta uliopakwa chokaa huyatoa maji hayo polepole. Ukiuziba kwa saruji na taili, yanabaki humo humo, chumvi inaganda nyuma na kuisukuma plasta mpaka iachane na jiwe. Halafu juu ya plasta hiyo hiyo uongeze uzito wa taili nyingine?

Fundi wa pili ni mzee wa makamo ya babangu. Aliigeuza nyundo akagonga taili moja moja kwa mpini, sikio karibu na ukuta. Zilizoshika zilitoa sauti nzito. Zilizoachia zililia kama chungu kitupu, na kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno zililia karibu zote.

"Wasikia, mwanangu? Hapa nyuma pana uwazi."

Alifunga koki ya maji, akaziba tundu la choo kwa tambara ili vigae visidondoke ndani. Akaanza na taili moja iliyolia: akakwangua grauti, ile saruji ya kuziba nafasi kati ya taili, pande zote nne, akaingiza tindo kwa kuilaza, karibu iguse ukuta, akagonga kidogo kidogo. Ikatoka nzima. Nyuma yake shura, ile chumvi ya ukutani, imetanda nyeupe kama unga, na katikati bomba la chuma limeliwa na kutu hata alipolikwaruza kwa ukucha likabanduka magamba. Lilikuwa linatoa jasho. Hilo ndilo tungelifunika kwa tabaka mbili za taili, kisha tushangae ukuta unaoza.

Mashine ya kuvunjia niliikataa pia, na hili nalisisitiza kwa kila mwenye nyumba ya matumbawe. Jiwe hili ni laini. Mashine haijui plasta inaishia wapi. Inang'oa na jiwe lenyewe, unabaki na mashimo ya kuingia ngumi. Tindo ni ya polepole, lakini mkono unahisi panapobadilika.

Na jamani, mapafu ya mafundi wetu! Vumbi la taili na saruji lina silika, madini yale ya mchanga, na silika ikiingia kifuani mwaka baada ya mwaka huyapiga mapafu makovu yasiyopona. Leso iliyofungwa puani haizuii vumbi hilo. Nilinunua barakoa za N95, zinazochuja vumbi laini, na miwani, na kijana msaidizi akawa ananyunyiza maji ukutani kabla ya kila safu. Gharama yake haifiki hata ya boksi moja la taili. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuigharamia, asimwachie fundi anayelipwa kwa siku.

Taili mpya nitaweka pale pa kuogea tu. Kuta nyingine zitapigwa chokaa, ingawa dadangu anasema choo cheupe bila taili kinafanana na cha zamani. Na kiwe hivyo.

Kwa sasa tunaoga kwa shangazi, mlango wa tatu. Kila asubuhi nauwekea ukuta kiganja: juu umeshakauka, chini bado una baridi. Fundi amesema hagusi mwiko wa plasta mpaka baridi hiyo iishe.