Saidia fundi anayezeeka na ndoo mkononi

Mwaka jana nilisimamia umaliziaji wa nyumba moja huko Goba, Dar es Salaam. Bafu la chumba kikuu lilikuwa limeshapigwa vigae, yaani linang'aa, groti (ile saruji laini ya kuziba nafasi kati ya vigae) imefutwa vizuri, mwenye nyumba ameshapiga picha na kuwatumia ndugu. Nikaomba ndoo ya maji, nikamwaga katikati ya sakafu. Maji yote yakaelekea mlangoni. Nikatoa sarafu mfukoni nikaanza kugonga kigae kimoja kimoja, na karibu na sinki vilikuwa vinalia debe: hewa tupu chini. Tukabomoa bafu zima.

Kijana aliyepiga vile vigae hakuwa mvivu wala tapeli. Alikuwa amebeba mchanga na kukoroga zege kwa miaka sita akiwa saidia fundi, kisha fundi wake akapata kazi mkoani, naye akaachiwa saiti. Katika miaka yote sita hakuna aliyemwambia kwamba mteremko wa bafu hautafutwi kwenye vigae. Unawekwa mapema, kwenye sakafu ya saruji, kwa kamba na pimamaji, ukianzia kwenye tundu la kutolea maji. Aliponisikia nikieleza alinyamaza, halafu akauliza: "Kwa hiyo siku zote walikuwa wanafanya hivyo asubuhi, mimi nikiwa nimetumwa maji?"

Swali hilo sijalisahau.

Wenye nyumba wananiambia kila wiki kwamba mafundi wa finishi hakuna. Mimi nasema watu wapo. Pita kijiweni saa kumi na mbili asubuhi uone vijana walivyojaa, kila mmoja na mwiko wake. Waliopungua ni wale waliofundishwa wakafika mwisho, na wanapungua kwa sababu ya namna tunavyowalipa walimu wao. Fundi vigae analipwa kwa mita ya mraba. Akisimama robo saa kumweleza kijana kwa nini chumba kinapimwa kwanza kutoka katikati, ili vipande vya kukata viishie pembeni na vilingane, hiyo robo saa imetoka mfukoni mwake. Juu ya hapo ana hofu kwamba akimfundisha huyu, mwakani atamkuta kwa mteja wake kwa bei ya chini. Hofu hiyo ni ya kweli, nimeona ikitokea, na sitamlaumu mtu anayelinda ugali wa wanawe.

Halafu sisi wenye nyumba tunaongeza letu. Kwenye msingi na kuta tunamwaga pesa, tukifika ndani tumeishiwa, basi tunaanza kubana kwenye ufundi. Kazi ya ndani ndiyo yenye siri ndogondogo nyingi. Jipsamu ikiunganishwa bila kubandikwa utepe kwenye maungio, ufa utajichora dari nzima, mstari kwa mstari. Lipu ikipakwa rangi kabla haijakauka, rangi inavimba na kubanduka. Nani atajifunza haya kwa kupitisha ndoo?

Vyuo vipo. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na humo kijana anasoma uashi, useremala, bomba, umeme au upakaji rangi, akapanda ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Tangu 2017 tuna pia mwongozo wa taifa wa uanagenzi: sehemu ya mafunzo darasani, sehemu kazini chini ya mwajiri. Ni mpango mzuri, ila unamtaka mwajiri mwenye ofisi na mkataba. Fundi wangu wa jipsamu ofisi yake ni pikipiki. Wanafunzi watatu anao, mkataba hana hata mmoja, na kwenye hesabu za uanagenzi hayumo. Hapo ndipo ningeanza kama ningeulizwa: mtambueni huyu kuwa mwalimu, mlipeni kwa kila kijana anayemfikisha kwenye mtihani. Urasimishaji wa ujuzi uliopatikana mtaani, yaani fundi kupimwa na kupewa cheti, nao naukubali sana, hasa pale wapimaji wanapomwonyesha fundi mapungufu yake na kumpa mafunzo ya kuyaziba. Cheti peke yake kisingeyarudisha maji ya Goba yaelekee bombani.

Wakati tunasubiri serikali, mimi nimeanza na stoo. Kila nyumba ninayosimamia, kabla fundi hajaanza, tunakubaliana chumba kimoja kidogo, kama stoo, kiwe cha kijana wake kujifunzia. Atapima mwenyewe, atapanga mwenyewe, fundi anakagua kabla saruji haijashika. Fundi analipwa siku mbili za ziada, kwa posho ya siku na si kwa mita, na maboksi mawili ya vigae yanaongezwa kwa ajili ya vitakavyoharibika. Mteja mmoja alikasirika kweli. Aliniuliza kwa nini nyumba yake igeuzwe shule. Nikamwambia ni shule tayari, kasoro yake ni kwamba mwalimu halipwi. Alifikiri siku mbili, akakubali.

Stoo ya mteja huyo ilipigwa vigae na binti wa miaka ishirini na moja aliyekuwa anaitwa saiti kwa kazi ya kufuta groti tu. Safu ya kwanza alibandua mara tatu. Fundi wake alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono amefunga, hakumnyang'anya mwiko. Jioni niliingia na sarafu yangu nikagonga kuanzia mlangoni hadi ukutani. Kimoja kililia. Kabla sijasema neno, binti alikuwa ameshapiga magoti anakitoa.