Irabu za Jeni na Uvimbe wa Ubongo

Aliyesoma chuo cha Kurani anajua kwamba herufi zilezile za Kiarabu, zikibadilishiwa irabu, hutoa neno jingine kabisa. Epijenetiki nami naielewa hivyo: herufi za DNA hubaki zilivyo, lakini vipo vimeng'enya vinavyopachika alama ndogo za methili juu ya DNA na juu ya histoni, yaani protini ambazo DNA hujiviringisha kwazo, na vipo vingine vinavyozifuta, na kwa alama hizo seli hujua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walikuta mabadiliko ya jeni ya IDH1 katika baadhi ya uvimbe wa ubongo uitwao glioma. Ajabu ni kwamba kimeng'enya cha jeni hiyo hakiandiki alama wala hakifuti. Kazi yake ni kuchakata virutubisho vya seli. Kikiharibika, hata hivyo, hutengeneza 2-hidroksiglutarati, kemikali inayovikwamisha vimeng'enya vya kufuta, kikiwamo TET2. Kalamu zinaendelea kuandika, kifutio kimefungwa, alama zinarundikana, na seli iliyopaswa kukomaa inabaki changa ikigawanyika.

Kwa watoto wenye glioma ya shina la ubongo mambo ni kinyume. Mwaka 2012 iligundulika kwamba wengi wao wana histoni ya aina ya H3 ambayo lisini ya nafasi ya 27, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini hiyo, imegeuka methionini, asidi amino nyingine, na histoni hiyo huizuia kalamu yenyewe, kimeng'enya EZH2, hata alama zake zikapungua karibu kote. Ndiyo maana siridhiki na wanaozungumzia "dawa ya epijenetiki" kana kwamba ni moja ya kuwafaa wote.

Vorasidenibu, dawa ya glioma iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024, haigusi kalamu wala kifutio. Huziba kimeng'enya cha IDH kilichoharibika. Katika jaribio la wagonjwa 331 wenye glioma ya daraja la pili, muda wa kati kabla ya uvimbe kuendelea ulikuwa miezi 27.7, dhidi ya 11.1 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Si tiba ya kuponya, lakini kwa kijana mwenye kazi na watoto miezi hiyo si haba.

Kwa hiyo ripoti ya maabara inayosema "glioma" pasipo kutaja IDH naihesabu kuwa nusu ya jibu, hasa kwa kuwa tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limeyaingiza mabadiliko hayo katika majina yenyewe ya uvimbe huu. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine ya kusoma jeni: kipande chembamba cha uvimbe hupakwa kingamwili inayotambua badiliko la IDH1 liitwalo R132H, ambalo ndilo lililo la kawaida zaidi, na chini ya hadubini seli zenye badiliko hilo huonekana za kahawia. Rangi isipotokea kwa mgonjwa kijana, hapo ndipo jeni isomwe, kwa sababu yapo mabadiliko mengine ya IDH ambayo kingamwili hiyo haiyaoni.