Mafunjo ya Dunga na mgeni aliyekataa mkeka

Mwezi wa nane nilipanda boti pale Dunga, Kisumu, pamoja na wageni wanne waliokuja kutazama ndege. Tulipoingia kwenye mfereji mwembamba kati ya mafunjo, ile mimea mirefu ya kinamasi inayosukwa mikeka, tulimkuta mama amesimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, mundu mkononi, mzigo wa mafunjo mabichi ukielea kando yake. Mgeni mmoja aliuliza, kwa uchungu, ni nani aliyemruhusu kukata. Tuliporudi bichi, mikeka na vikapu vilikuwa vimetandazwa chini ya banda. Mgeni yule alivipita. Alisema hawezi kulipia uharibifu wa makao ya ndege ambaye yeye mwenyewe alisafiri mbali kuja kumtazama.

Hoja yake si ya kupuuzwa. Ndege huyo, ambaye wataalamu humwita Laniarius mufumbiri, ana kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa manjano, na makao yake ni mafunjo. Hahamii kwenye miwa wala kwenye miti ya bustani. Tena karibu na bichi, mahali panapofikika kwa miguu, mafunjo ni mafupi na membamba kuliko ya kule ndani, kwa kuwa kila mtu anakata palepale.

Ila kukata si kung'oa. Funjo lina shina nene linalolala topeni, na huko ndiko limeweka akiba yake. Ukikata juu ya maji ukaliacha shina hilo, machipukizi hutoka, na kabla ya mwaka kwisha pamefunga tena kijani. Huo mwaka ndio ninaoung'ang'ania, maana kesi nzima iko hapo. Anayerudi palepale kila baada ya miezi miwili mitatu anaila akiba hadi kinamasi kinachoka. Anayezunguka, leo hapa, kesho kule, hapa tena mwakani, anavuna bila kumaliza. Tukiwa bado botini nilimtazama yule mama: alishika shina lililokomaa, akalipinda, akalikata juu kidogo ya maji, kisha akaruka kichaka kizima cha machanga bila kukigusa. Hakuna aliyemwagiza. Ni kazi anayoijua.

Kinachofuta mafunjo ni moto wa kiangazi, jembe linalofuata moto huo kwa ajili ya mboga na nduma, na malori ya udongo yanayojaza kinamasi ili pajengwe. Hapo shina la topeni hufukuliwa au hufukiwa, na hakuna cha kuchipua. Ardhi ya kando ya ziwa mjini Kisumu haikosi mnunuzi. Kinamasi kisichomlisha mtu kinaonekana kama kiwanja tu. Kikimlipia mama karo ya watoto, na kikimpa mvuvi mumi na kamongo, kuna watu watakaosimama siku lori la udongo likifika. Mgeni aliyeenda zake na darubini yake hatakuwapo siku hiyo.

Ndiyo maana naona kukataa mkeka ni kumwadhibu mlinzi. Kununua kwa pupa nako kuna hatari yake, kwani soko likikua ghafla, ile miezi kumi na miwili itafupishwa kuwa minne. Kwa hiyo mgeni anunue, lakini aulize: umekata wapi, na pale ulikata lini mara ya mwisho? Swali hilo linamfundisha msusi kwamba mapumziko ya kinamasi nayo yana mnunuzi.

Na tujipime sisi pia. Siku ile mgeni yuleyule alicheza sauti ya ndege kwenye simu, mara tano au sita, ili amvute atokeze. Kwa ndege, hiyo ni sauti ya mpinzani aliyeingia nyumbani kwake. Anaacha kulisha makinda aje kupigana na asiyekuwepo. Injini yetu nayo ilinguruma hadi katikati ya mafunjo, ilhali kasia mbili zilikuwa zimelala ndani ya boti. Mwongozaji angezitumia kwa furaha tungemwomba.

Wawili kati ya wageni walinunua. Mmoja alimwuliza msusi mafunjo ya mkeka wake yalikatwa wapi. Alinyoosha mkono kuelekea upande wa kusini wa mfereji, mahali palipofunga kijani kirefu kuliko mtu, ambako asubuhi ile tulikuwa tumemsikia ndege akiimba. "Pale," akasema. "Mwaka jana."